Jiwe la Baba Nyuma ya Mlango

Jiwe la kaburi la baba yangu lilikaa sebuleni kwetu miaka mingi, nyuma ya mlango wa mbele, limefunikwa kitambaa cha meza. Mgeni wa mbali akiliona hushtuka. Hapa Carriacou, kisiwa chetu cha Karibi, hashtuki mtu, maana nyumba nyingi zimewahi kukaa na mgeni wa namna hiyo. Mtu akifa tunamzika, halafu jiwe lake linasubiri karamu. Bila karamu jiwe halisimami, na bila jiwe marehemu hatulii. Karamu nayo inataka mbuzi, mchele, mbaazi, ramu na ngoma, na inataka watoto wote wa marehemu wawepo, hasa yule wa kwanza.

Wa kwanza wetu ni Leopold, na Leopold yuko New York. Kwake yeye karamu ilikuwa ya mwaka ujao, kila mwaka. Mara kazi imembana, mara mkewe kajifungua, mara anataka iwe kubwa, watu wavae fulana zenye picha ya Baba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa la Leopold. Lilikuwa la Mama. Baba alikuwa akimjia ndotoni, amesimama kizingitini, viatu vimelowa chapachapa, anauliza neno moja tu: "Bado?" Mama akishaamka hapo, usingizi ndio umekwisha. Na mimi Ruthlyn, mtoto niliyebaki nyumbani na cherehani yangu, nilikuwa najikwaa kidole cha mguu kwa baba yangu mzazi kila nikienda kufungua mlango.

Basi redio ikatangaza kimbunga. Jina walilokipa sitalitaja, vitu hivi vikitajwatajwa vinajiona. Kilikuwa kimeshapita visiwa vya mashariki, na huko walikuwa wanatafuta mabati yao baharini. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nikamwita Canute Bedeau, jirani yetu, fundi wa mapaa, aje atupigilie mbao madirishani. Alipomaliza akaingia ndani, akatazama juu, akaguna.

"Dada Ruthlyn, madirisha yako hayana neno. Hilo paa ndilo la kuombewa."

"Lina nini?"

"Misumari imezeeka kama mimi. Upepo ukipata pa kuingilia, litakwenda kuezeka nyumba ya mtu kule Grenada."

"Si ulifunge."

"Nilifunge kwenye nini? Nguzo zako mchwa wameshazifanya chakula. Nataka kitu kizito, cha kukaa katikati ya chumba." Macho yake yakaanza kuzunguka, pole pole, yakaenda kutua nyuma ya mlango. Yangu yakafuata.

Mama alikuwa anachambua mbaazi mezani. Hakuinua hata kichwa. "Msithubutu," akasema.

"Mama, ni jiwe tu," nikamwambia.

"Lina jina lake. Mume wangu si kigingi cha kufungia mbuzi."

Canute akakuna shingo. "Mama Zelma, mzee Cuthbert alikuwa fundi wa mashua. Maisha yake yote alishinda na kamba. Hatashangaa."

"Wewe ulimjua kazini, Canute. Mimi nilimjua nyumbani. Nyumbani alikuwa hataki kushikwashikwa. Watu hawamwachi alale, na sasa wanataka kumfunga."

Hapo nikasema neno ambalo si zuri kumwambia mama yako. Nikasema Baba hana tena paa la kupoteza, sisi bado tunalo. Mama akasukuma sahani ya mbaazi, akainuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Sikumfuata. Mtu akikasirika ana haki ya kukasirika, lakini upepo haungojei watu wapatane.

Canute akaita binamu zake wawili. Wakalilaza jiwe katikati ya sebule, juu ya mihimili ya sakafu, jina likielekea juu kama nilivyoagiza. Kamba tuliyotumia ilikuwa ya Baba mwenyewe, ya nanga, nene kama mkono wa mtoto. Waliipitisha juu ya boriti kuu ya paa, wakaishusha, wakalizungushia jiwe mara mbili na kupiga fundo la kimashua. Canute akaivuta, ikalia kidogo. "Siahidi kitu," akasema, akaenda kwake.

Kimbunga kikaja asubuhi, baada ya chai. Sina la kuongeza kuhusu upepo. Anayeujua anaujua, na asiyeujua nikimweleza ataniona mwongo. Masikio yaliuma. Maji yaliingia kupitia katikati ya mbao za ukuta kana kwamba ukuta ni chekecheke. Kisha nikaona mwanga mwembamba pale paa linapokutana na ukuta, na mwanga hapo si mahali pake. Paa lilikuwa linanyanyuka. Kamba ikakaza, upande mmoja wa jiwe ukainuka kutoka sakafuni, ukaning'inia, halafu ukaanguka: du. Nyumba yote ikatikisika. Ukainuka tena.

Mlango wa Mama ukafunguka. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya kanisani, nadhani kwa kuwa ndivyo alivyovitaka miguuni kama angekufa. Akasimama akalitazama jiwe likinyanyuka na kuanguka. Likanyanyuka juu zaidi. Mama akatembea akishika ukuta, akageuka, akalikalia.

"Unangoja nini?" akanipigia kelele. "Au unataka tumwachie kazi peke yake?"

Nikaenda nikaketi. Tukakaa juu ya Baba, mgongo kwa mgongo, mimi na mama yangu, na kila paa lilipovuta tulipanda kidogo na kushuka kidogo. Mama alikuwa anaongea. Nilidhani anasali, nikatega sikio.

"Ile kazi ya bandarini hukuishika hata mwezi, Cuthbert," alikuwa anasema. "Mashua ya padri uliishika ikakuponyoka ikaenda na maji. Sikukusema mbele za watu. Leo nakuomba, hili paa lishike. Lishike, halafu sikuombi tena kitu maisha yangu yote."

Katikati kilitulia, kama kawaida ya vimbunga, na kama kawaida yetu hatukutoka. Kisha upepo ukarudi kwa mlango wa nyuma, tukaanza upya. Adhuhuri ilipofika na sisi tukaweza kusimama, paa lilikuwa bado juu yetu. Lilikuwa limelegea, limechanika kwenye kona, lakini lilikuwa paa. Nililia, sitaki kuficha. Mama alipapasa jiwe kama mtu anayepapasa farasi, akaenda kubadili viatu.

Nje nilikuta mtaa mzima hauna mapaa isipokuwa letu. Majirani walikuwa wamesimama uani mwao wakilitazama kana kwamba tumeliiba. Niliona haya na nilifurahi, vyote kwa wakati mmoja. La Canute lilikuwa limekwenda pia, pamoja na kuta mbili.

"Kinyozi hajinyoi," akaniambia, akacheka, halafu akakaa chini kwenye matope.

Ukuta wa zizi lake ulikuwa umeanguka juu ya mbuzi wake wote. Mashelisheli yalikuwa yametapakaa chini kila mahali, mti wenyewe ukiwa umelala. Maboga, ndizi, mahindi, vyote vimeangushwa kwa pamoja. Umeme haukuwepo, na kwa joto letu nyama haingoji kesho. Mambo haya tumeyazoea: baada ya kimbunga watu hula vizuri siku moja, halafu njaa inaanza. Majirani wakaleta vyungu vyao uani kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kulikobaki mahali pa kujikinga. Canute akawachuna mbuzi. Mchele uliolowa ukapikwa na mbaazi. Mtu mmoja akaokota chupa za ramu kwenye duka lililokuwa halina tena duka.

Mama alisimama kwenye ngazi ya mbele akitazama moshi. "Ruthlyn," akasema, "hawa mbuzi, huu mchele, hao watu. Unaona nini?"

Niliona mara moja anakoelekea. "Leopold hayupo, Mama."

"Sema jambo jipya."

"Atakasirika."

"Akasirike huko huko."

Nikamvuta pembeni. "Sikiliza, Mama. Redio ya Canute imesema kuna kingine, kimeshaondoka upande wa Afrika, kinakuja njia hii hii. Paa limelegea. Tukiliondoa lile jiwe paa litakwenda."

"Najua."

"Si unaona wengine walivyo?"

"Nimesema najua, mwanangu. Mimi si mgonjwa wa akili. Nilimwambia simwombi tena kitu. Au ulikuwa husikii?"

Nilikasirika. Kitu kimekuokoa asubuhi, jioni unakitoa nje, na msimu wa vimbunga haujafika hata nusu. Nilimwambia kama anataka kulifungua alifungue mwenyewe. Akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza na lile fundo. Lilikuwa limelowa na kukazwa na upepo wa asubuhi nzima, limekuwa gumu kama mfupa. Alilivuta kwa kucha. Akaleta uma akalichokonoa. Mwishowe akainama akajaribu kwa meno, mwanamke wa umri ule, na meno yenyewe si mengi. Mimi nimesimama mlangoni nimekunja mikono. Sikuwa nimekubali hata chembe, ila nilishindwa kuendelea kumtazama. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, ambao simruhusu mtu auguse hata kwa kukata uzi, nikaikata nao ile kamba kidogo kidogo mpaka ikaachia.

Wanaume wakalibeba jiwe hadi kwenye kitanda cha Mama, kama desturi ilivyo, likafunikwa shuka jeupe lililokuwa limelowa kama kila kitu. Mama akalinyunyizia maji, kisha ramu. Sahani ya Baba ikawekwa mezani kabla ya mtu yeyote kuonja: mbuzi, wali, shelisheli la kuchoma. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelowa, hivyo Canute akapiga pipa la plastiki, na watu wasio na nyumba wakaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia. Halafu tukapanda makaburini. Ilikuwa kazi, kwa sababu miti ilikuwa imelala njiani na wabebaji walilazimika kulipitisha jiwe juu ya magogo. Walilisimamisha jua likiwa bado lipo. Mama akamwagia udongo ramu iliyobaki.

"Haya, Cuthbert," akasema. "Sasa vua viatu, ulale."

Usiku ule hakuja mtu kizingitini. Mama alilala mpaka watu wakaanza kuniuliza kama yuko salama.

Simu ziliporudi Leopold akapiga. Aliuliza mara moja tu kama tu wazima, halafu akaanza. "Mmemsimamishia Baba jiwe bila mimi? Mimi mtoto wa kwanza? Ruthlyn, watu wa huku watanionaje?" Nikampa Mama simu. Mama akamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Usijali, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Tutakungoja kwenye langu."

Cha pili kikaja, kidogo kuliko cha kwanza. Kwa paa zima kingekuwa mvua na kelele tu. Majirani walikuwa wamehamia shuleni. Mama akakataa kuondoka, na mimi sikuweza kumwacha. Ile kamba ya nanga nilikuwa nimeiunga, nikaifunga kwenye cherehani yangu na mapipa mawili ya maji. Canute alikuja akaangalia, akaangalia cherehani, akaniangalia mimi, akasema, "Mungu yupo, dada." Fundi akianza kumtaja Mungu ujue hesabu zake zimeshindwa.

Paa lilitoka alasiri. Lilitoa sauti ya shuka linalokung'utwa, na mbingu ikawa ndani ya nyumba. Cherehani ilinyanyuka kama kitu kisicho na uzito, ikagonga ukuta, ikavunjika shingo mbele ya macho yangu. Mapipa yakapasuka. Tulikuwa tumejisukuma chini ya kitanda cha Mama, kile cha chuma, tumelala kifudifudi ndani ya maji, na mvua ikipenya godoro na kutudondokea mgongoni.

Uchungu ukanipanda. Ile cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha. "Lile jiwe lingekuwepo," nikamwambia, "tungekuwa na paa."

"Tungekuwa nalo," Mama akasema. "Ungemwamsha tena."

"Ndiyo, ningemwamsha."

"Na msimu ujao?"

"Na msimu ujao ningemwamsha. Na ule mwingine pia."

"Na Leopold angesema mwaka ujao, na wewe ungesema afadhali." Akanishika mkono ndani ya maji. "Ndiyo maana nilimtoa."

Ilikuwa kweli. Upepo ulikuwa bado unang'oa mbao upande wa jikoni. Mama akajigeuza ubavu, akaweka kichwa chake juu ya mkono wangu, akatafuta pale pasipodondoka maji, akalala.