Binti Mkaidi wa Redioni

Mchezo wa redio usio na mtoto mkaidi haupati wasikilizaji. Dada yangu aliligundua hilo mapema, na ndilo linalotulisha. Yeye anaandika, mimi natengeneza sauti: nyayo kwenye kokoto, sahani zinazogongana, na zaidi ya yote, mlango. Nina mlango mzima pale studio, na fremu yake na kitasa chake, ila hauendi popote. Kila wiki Kichwa Ngumu, msichana wa mchezo wetu, anamjibu mama yake, nami naubamiza. Mwisho wa mchezo unajulikana hata kabla haujaandikwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: mtoto atarudi nyumbani analia, na msikilizaji atazima redio ameridhika. Upuuzi mtupu, lakini unapendwa.

Dada ana binti mmoja, kigori, na ulimi wa mpwa wangu huyo si wa kuazima. Wakigombana, binti akishaingia chumbani, mama mtu anakimbilia kalamu. Nilikuwa nikimtania, "Wewe humlei huyu mtoto, unamvuna." Alikuwa akicheka.

Halafu ikaja ile jioni jikoni. Binti alikatazwa kwenda kwa rafiki yake, akasema, "Baba alipokufa ulilia mbele ya watu. Mimi nililia bafuni, nimefungulia maji ili usinisikie. Leo ndiyo unataka kujua niko wapi?" Hakupaza sauti. Nilikuwepo, na chai yangu ilinishinda.

Wiki iliyofuata niliyakuta maneno hayo kwenye karatasi za studio, neno kwa neno, bafu na maji yake.

"Dada, haya ni ya mtoto."

"Hakuna atakayejua."

"Na yeye je?"

"Watu watalia," akasema, na taa nyekundu ya kurekodia ikawaka.

Watu walilia kweli. Shuleni, ambako wote walijua mama yake ndiye mwandishi, wenzake walimwigizia binti maneno yake vizuri kuliko hata mwigizaji wetu.

Tulijiandaa kwa vita. Binti akarudi nyumbani, "Shikamoo mama, shikamoo mjomba," akaosha vyombo. Kesho yake vivyo hivyo. Dada akafurahi, akawaambia majirani mtoto ametulia. Furaha hiyo haikudumu. Akaanza kumchokoza binti: akamnyang'anya simu, akawasema vibaya marafiki zake. "Sawa mama." Sijawahi kuona mtu anayetamani kujibiwa vibaya na mwanawe namna ile. Iliniuma kumtazama, na nilimkasirikia pia.

Jana dada alimfuata sebuleni, binti akiwa anakunja nguo, akapiga magoti. Mama mzima, magoti sakafuni.

"Nisamehe mwanangu. Nigombeze, nitukane, sema chochote. Sitaandika."

"Nimeshakusamehe mama." Akamshika mkono kwa adabu zote. "Inuka, utaumia."

"Nakuapia, sitaandika tena."

"Sawa mama."

Akachukua shati jingine, akalikunja. Hakumwamini. Nikamtazama dada, bado yuko sakafuni, machozi yanamtoka, na midomo yake inarudia polepole bila sauti, "Inuka, utaumia," kama mtu anayeogopa kusahau. Nami sikumwamini.