Salamu za Mzee Nyanda

Mzee Nyanda alikuwa mtu wa salamu, tena salamu za kushiba. Tangu ahamie Usangu na ng'ombe wake, kila Jumapili alimwandikia binti yake Ng'washi, aliyekaa Ilomba, Mbeya mjini, ujumbe mrefu: umeamkaje, mama yako na dawa zake hajambo, ng'ombe wamepata dawa, mvua hivi, majirani vile. Ng'washi, tuseme ukweli, alisoma mwanzo tu, akajibu "Shikamoo baba, hatujambo," akarudi kwenye shughuli zake.

Asubuhi moja dada yake Yunisi alipiga simu kutoka Tosamaganga. Baba, aliyekwenda kumtembelea, alikuwa amelazwa na homa kali, hajitambui.

"Daktari anauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nakumbuka aliwahi kuvimba, ila dawa yenyewe siijui, na mama hapatikani simuni. Wewe ndiye anayekuandikiaga."

Ng'washi alitafuta neno "dawa" kwenye simu. Zikaja jumbe mia tatu, za mama na za ng'ombe. Angezisoma saa ngapi? Akahamishia maongezi yote kwenye faili moja la kompyuta, akafungua Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, chombo chake cha kazi. Kila ujumbe aliuondolea nukta ya mwisho, akaukata penye nukta zilizobaki, ukawa orodha ya vipande. Akachukua vipande[0], yaani kipande cha kwanza cha kila ujumbe, maana kwenye barua za ofisini jambo hutangulia. Skrini ikajaa "Umeamkaje mwanangu", akamsomea Yunisi.

"Ng'washi mdogo wangu," Yunisi alisema simuni, "baba yule hata nyumba ikiungua ataanza na salamu. Neno lake liko mkiani."

Akafuta sifuri, akaandika vipande[-1], yaani kipande cha mwisho, akabakiza vyenye "dawa" tu. Vilibaki vinne. Cha tatu kilisema: "Ile dawa ya Septrin ilinivimbisha hadi macho yakafunga, nimekoma nayo".

Aliposomewa hicho, Yunisi alikimbia kwa daktari. Kesho yake baba alikunywa uji, akauliza habari za ng'ombe. Ng'washi alilia, akamshukuru Mungu, daktari na dada yake.

Kisha akaondoa sharti la "dawa", avione vipande vyote vya mwisho. Vya miaka sita vilishuka kwenye skrini, na karibu vyote vilikuwa kimoja: "Asante mwanangu kwa kunijibu".

Jumapili ujumbe ulipoingia, aliusoma wote. Akamjibu kwa salamu ndefu, za ng'ombe na za mvua, na mwishoni kabisa akaandika: "Asante baba kwa kuniandikia."