Kadi ya Mwaka wa Kwanza

Siku ya kwanza chuoni, mwalimu wa Utangulizi wa Historia hakutufundisha kitu. Alitugawia kadi ngumu, kila mtu yake, akasema tuandike jambo moja la zamani ambalo tuna uhakika nalo. Wenzangu walijikuna vichwa. Mimi, ambaye mdomo na kalamu yangu havijui kusubiri, niliandika palepale: "Baba yangu aligoma siku tatu kiwanda cha nguo, tena mstari wa mbele."

Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima.

"Umejuaje?"

"Baba kaniambia."

"Na yeye alijuaje?"

"Si alikuwepo!"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alizikusanya kadi, akazifunga kwa mpira, akasema tutakutana nazo tena mwaka wa mwisho. Siku hiyohiyo tukambatiza Bi Umejuaje, na jina likamganda.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia. Kiwanda kimefungwa siku nyingi, lakini namba yake ya kazi, 214, ameikwangua kwenye kikombe, kwenye kijiko, hadi kwenye mpini wa jembe. Mgomo ule ndio uliotulea. Ukivivia shule unasimuliwa mgomo. Ukifaulu, unasimuliwa mgomo. Ndio ulionipeleka kusoma historia wakati shangazi zangu wote walishanivalisha unesi.

Mwaka wa kwanza nilikariri tarehe, nikazisahau kwa raha zangu. Mwaka wa pili nikajifunza kwamba hata karatasi inaweza kusema uongo, tena ikiwa na muhuri. Mwaka wa tatu nilishinda kwenye chumba cha nyaraka mpaka nikawa napiga chafya nikiona tu daftari kuukuu. Kila kozi niliyoingia, Bi Umejuaje alikuwepo na swali lake lile moja, na kila insha iliyorudi imejaa wino mwekundu ilinifanya nimtukane moyoni. Leo namshukuru kwa kila tone la wino ule.

Mwaka wa nne kadi zikarudi. Kazi ya mwisho ilikuwa kuichunguza kadi yako mwenyewe, kuandika ulichokuta, kisha kukitetea mbele ya darasa na wageni. Nilishangilia. Nilijiona nimemaliza kabla ya kuanza.

Makaratasi ya kiwanda yalikuwa kwenye maboksi maktaba yetu wenyewe. Nikafungua daftari la mahudhurio, siku ya kwanza ya mgomo. Ukurasa karibu mtupu, tiki chache tu za kuhesabika. Mbele ya 214 palikuwa na tiki. Siku ya pili, tiki. Siku ya tatu, tiki.

Karani kakosea, nilijiambia. Nikaichimba orodha ya kantini. Siku zote tatu 214 alikula mchana, na mbele ya namba yake pameandikwa: sahani mbili. Hapo damu ilinichemka. Wenzake wako nje na njaa, yeye anaongeza!

Nikaenda ofisini kwa Bi Umejuaje kuomba kubadilisha kadi. Nilidhani atanifokea. Alinivutia kiti.

"Kubadilisha unaweza," alisema. "Ila una chanzo kimoja kilicho hai, na hujakiuliza."

"Nikimuuliza nitamvunja, mwalimu."

"Huenda. Basi usimuulize kama hakimu. Muulize kama mtu anayetaka kujua."

Jumamosi nilimkuta baba anapiga pasi shati. Nilikuwa na maswali kumi kwenye daftari, yote yakanikimbia.

"Baba, siku zile za mgomo, uliingia kazini?"

Alizima pasi. Akalikunja shati ambalo hata hajalimaliza.

"Niliingia," alisema. "Siku zote tatu. Mama yako alikuwa na mimba ya kaka yako. Sikulazimishwa na mtu, mwanangu. Niliogopa tu."

"Sasa mbona ulituambia…"

"Mlikuwa wadogo, mkafurahi. Nikashindwa kurudi nyuma." Akatazama dirishani, upande wa kibanda cha fundi viatu tunayemwita baba mdogo, rafiki yake tangu kiwandani. "Huyu alikuwa getini, akafukuzwa kazi. Amekaa hapa akanywa chai na kunisikiliza nikiwasimulia nyinyi uongo, miaka yote hiyo. Hajanikatiza hata siku moja."

Swali la sahani mbili sikuliuliza.

"Liandike," alisema. "Na namba yangu uiweke. Nimesubiri sana mtu aniulize."

Nilirudi chuoni na hasira njia nzima. Kufika, hasira imeisha, nimebaki nampenda tu.

Siku ya kutetea nilisoma kazi yangu mwanzo hadi mwisho. Baba aligoma? Hapana. Aliingia, akafanya kazi, akala sahani mbili.

"Umejuaje?" akauliza Bi Umejuaje, kama kawaida yake.

Nikaanza kutaja daftari, orodha, kurasa. Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama, na shati lile, safari hii limenyooka lote.

"Nilikuwepo, mwalimu," alisema. "Ndani."

Halafu mtu wa pembeni yake naye akanyanyuka polepole, kashika goti. Baba mdogo. Sikujua hata kama anakuja.

"Na mimi nilikuwepo," alisema. "Nje, getini. Ile sahani ya pili nilikula mimi na wenzangu wawili. Alikuwa anatupitishia chini ya uzio, siku zote tatu. Hilo hakuweza kuwasimulia nyinyi watoto, maana angelazimika kusema alikuwa upande gani. Basi nalisema mimi."

Baba aliinamisha kichwa. Baba mdogo akamshika bega, wakakaa kwa pamoja.

Bi Umejuaje akaiangalia karatasi yangu, pale kwenye sahani mbili, kisha akanisogezea kalamu yake nyekundu.