Mwiko Wangu wa Jumatano

Mimi sipendi kuulizwa ninavyopika. Miaka thelathini na moja nimelisha wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na hakuna aliyekufa. Kwa hiyo daktari alipouliza, "Nani alipika maharagwe siku ile?" nikaona ananichokoza.

"Mimi," nikasema. "Na yalikuwa matamu."

Mwanangu akanikata jicho. Katikati yetu alikaa mwanawe, mjukuu wangu Njiti, jina nililompa mwenyewe kwa ule wembamba wake. Mkono wake ulikuwa umechorwa kalamu na kudungwa sindano ndogondogo: hapa karanga, hapa maharagwe, hapa kunde, hapa choroko. Pa karanga pamefura kama ameumwa na nyuki. Pa maharagwe, wekundu kidogo tu.

Njiti akiwa na miaka mitatu alikula karanga, midomo ikavimba, pumzi ikakwama, tukakimbia naye hospitali. Tangu hapo karanga hazikukanyaga kwa mama yake wala kwangu. Mwaka uliofuata akala maharagwe nyumbani kwangu, ikawa yaleyale. Mwanangu akasema basi, ukoo mzima wa kunde nje, mpaka njegere. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sikumlaumu.

Sasa ni mwaka wa sita tangu hapo. Shuleni Njiti hula viazi vyake peke yake, kwenye benchi la karibu na stoo. Amefaulu kwenda shule ya bweni pamoja na marafiki zake, lakini mkuu wa huko ameandika: chakula chetu ni maharagwe kila siku, mtoto asiyeweza kuyala hatumpokei. Barua hiyo mtoto anatembea nayo mfukoni.

"Karanga na maharagwe ni ukoo mmoja," daktari akaeleza, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. "Kipimo cha ngozi wakati mwingine kinatambua ukoo tu. Wengi wenye mzio wa karanga wanakula maharagwe bila shida. Wachache, mwili unawakatalia hata hao binamu. Njia ya kujua ni kumlisha hapa, kidogo kidogo, dawa zikiwa mkononi."

Nikamwelewa. Mimi na dada yangu tumetoka tumbo moja, lakini yeye anaunguza hata maji.

"Ila huyu alikosa pumzi kwa maharagwe yenyewe," akaendelea, akifunga faili. "Kwa historia hiyo siwezi kumjaribu. Labda kama siku ile kulikuwa na kitu kingine chunguni."

"Hakukuwa," mwanangu akajibu. "Mama hapitishi karanga mlangoni. Hilo namwamini."

Njiti akainama, akaanza kufuta michoro ya kalamu mkononi kwa mate.

Hilo namwamini. Jamani! Ndipo nilipoukumbuka mwiko wangu. Ninao mmoja tu, wa mti mgumu, nilioachiwa na mama yangu. Kazini siuachi, watauvunja. Jioni naufunga kwenye kitambaa, natia mkobani, narudi nao. Na sabuni hauijui. Naufuta, nausuuza, basi. Nimetamba miaka yote kwamba utamu wangu umo ndani ya ule mti.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Mtoto aliletwa kwangu Jumatano jioni tu, kwa kawaida ameshakula, mama yake akipelekea wateja nguo alizoshona. Na kiwandani Jumatano ni mchuzi wa karanga.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Nani angejua? Lakini kile kidole kilivyokuwa kinafuta, kinafuta!

"Daktari, subiri," nikasema, nikaeleza yote.

Mwanangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Miaka sita, Mama," akasema. "Miaka sita mwanangu anakaa stoo."

"Nisamehe, mwanangu. Sikuwaza."

"Usiniguse."

Wiki nzima hakunisemesha. Lakini daktari alikuwa amefungua tena faili, akatupangia siku, na siku hiyo nikaenda bila kualikwa. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni. Mwanangu alikuja na maharagwe aliyopika mwenyewe, kwenye sufuria mpya. Daktari akampa Njiti nusu punje. Tukangoja. Akampa punje nzima. Tukangoja. Halafu kijiko, halafu nusu bakuli. Mwanangu hakutoa macho kwenye midomo ya mtoto, na mimi niliomba dua zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Saa mbili baada ya kijiko cha mwisho, midomo ilikuwa vilevile. Pumzi ilikuwa vilevile.

"Karanga bado ni marufuku," daktari akasema, "lakini maharagwe, ale."

Mwanangu akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia.

"Kumbe ndiyo haya tu?" Njiti akauliza, akichungulia bakuli. "Mama, hayana chumvi. Ya kesho apike Bibi."

Nikatazama sakafu. Mwanangu akajifuta machozi, akafungua mkoba, akatoa mwiko mweupe aliopikia, karatasi ya dukani bado imegandia mpini. Akaja akaniwekea mapajani.

"Huu haukanyagi kiwandani," akasema.

"Haukanyagi."

"Na sabuni utaijua."

"Utaijua, mama yangu," nikamwambia mtoto niliyemzaa mwenyewe.