Bei ya Mkate na Kimo cha Nkgono Mmadira

Siku mkate ulipopanda bei tena, Mme Puseletso, mama msimamizi wa makao ya wazee kwenye mji ule mdogo wa mpakani na Lesotho, alimsimamisha bibi mkongwe, Nkgono Mmadira, kwenye mwimo wa mlango, akamwekea rula kichwani, akachora mstari kwa penseli. Kando yake akaandika bei mpya. Mistari ilikuwa inashuka.

Ruzuku ya serikali kwa kila mzee ilikuwa ile ile mwaka wa saba sasa. Bei zikipanda, wazee walipungua kimo. Nguo zao zilikunjwa pindo. Mablanketi hayakuguswa, kwani blanketi la Msotho halikatwi. Nkgono Mmadira alijizungushia lake mara tisa, ikabaki pua.

Julai makaa yaliisha. Mme Puseletso akawalaza wazee wanne wanne kitanda kimoja wapate joto. Kwa kuwa mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja, vitanda vilivyobaki wazi alivikunja akavipeleka stoo, akaipiga sakafu nta nyekundu mpaka ikang'aa.

Mkaguzi, Ntate Ramabanta, alipokea barua ya saba ya kuomba ruzuku ipande pamoja na bei.

"Barua hii naijua, mme. Hata pale ulipokosea naijua."

"Basi ijibu, ntate."

Nkgono Mmadira alikuwa ameketi juu ya kopo la chai. "Mwanangu, mbona wewe hupungui?"

"Mshahara wangu hufuata bei, nkgono. Kila Aprili."

"Ahaa. Ndiyo maana una shingo mbili."

Wazee wakacheka, sauti kama za vifaranga. Ntate Ramabanta naye akacheka, kisha akahesabu vitanda: sita.

"Wazee ni ishirini na wanne, ntate! Vitanda viko stoo, navirudisha sasa hivi."

"Fomu inauliza vilivyotandikwa, mme. Na nimeshaandika kwa wino." Akachungulia sufuria ya ugali. "Na papa imebaki."

Akaandika kwamba ruzuku inazidi mahitaji. Akaaga kwa heshima, akimpa Nkgono Mmadira ncha ya kidole kidogo aishike kwa mikono miwili.

Aprili ruzuku ilikuja ya watu sita. Wiki hiyo hiyo mkate ukapanda.

Mme Puseletso alilala kifudifudi kwenye sakafu yenye nta, penseli mkononi. Penseli ilikuwa ndefu kumshinda Nkgono.

"Simama wima, nkgono, nisikukosee."

"Nimesimama, mwanangu."