Ngwe ya Gavana

Jenerali Josiah Brackett alipigana vita miaka minne, akashinda mapigano tisa, akashindwa mawili, na risasi moja ikamwachia kiwiko cha kushoto kisichokunjika. Vita vilipokwisha, wakubwa wa Washington hawakujua wamfanyie nini mtu wa namna hiyo. Kurudi Ohio kushona viatu na baba yake hakutaka. Basi wakampa ugavana wa nchi ya mpakani huko magharibi, nchi iliyokuwa bado haijahesabiwa kuwa jimbo, na ambayo watu watatu kabla yake walikuwa wameikataa kwa barua za adabu.

Alifika na masanduku manne na nia njema, na hiyo nia njema ndiyo iliyoleta balaa.

Barua za Washington zilimsisitizia jambo moja: watu wa Bonde la San Lorenzo, waliokuwa wakilima pale tangu enzi za babu wa babu zao na kusema Kihispania chao, waone kwamba serikali mpya si adui. Gavana aliwahi kupita bondeni mwaka wake wa kwanza, baridi ilipoanza kulegea. Aliwaona wanaume, na wajane wachache, wamezama magotini ndani ya mfereji, wakizoa tope kwa mabeleshi ya mbao, siku kumi mfululizo, ili maji ya theluji yakishuka kutoka milimani yapate njia ya kufika mashambani. Mfereji wenyewe ulikuwa wa maili sita. Huruma ilimshika. Yeye alikuwa amechimbisha mahandaki marefu kuliko ule mfereji, tena chini ya mizinga. Akapiga hesabu ya kijeshi kichwani: wanajeshi sitini, mabeleshi ya chuma, siku nne.

"Mwaka huu tutawahi kabla yao," alimwambia katibu wake, Amadeo Lucero. "Tutawafanyia jambo ambalo hawatalisahau."

Amadeo alikuwa mzaliwa wa nchi ile, lakini wa mjini, mtoto wa mwenye duka. Alijua Kihispania, Kiingereza na bei ya hariri, na beleshi hajawahi kulishika. Alisema ni wazo zuri sana.

Na kweli hawakulisahau. Siku ambayo watu wa bonde huanza kazi, gavana alifika juu ya farasi, koti la vifungo vya shaba limepigwa brashi, amejiandaa kushukuriwa. Aliwakuta watu wapata mia wamesimama ukingoni, kila mmoja na beleshi lake, wakiutazama mfereji uliosafishwa kama watu waliorudi nyumbani wakakuta mlango umevunjwa. Mkuu wa mfereji, Don Eulogio Trujillo, mtu mfupi wa miaka arobaini mwenye hasira za karibu, alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo yake ya kupimia imelala magotini. Gavana alitoa hotuba fupi. Amadeo akaitafsiri vizuri. Hakuna aliyepiga makofi.

Aliyesema kwanza ni Doña Casilda Montaño, mjane mwenye shamba la mahindi na pilipili karibu na mwisho wa mfereji.

"Mwambie jenerali nimekuja kuchimba. Nichimbe wapi?"

Gavana alitabasamu, akajibu kwamba hana haja tena ya kujichosha, kazi imekwisha.

"Basi na maji yangu yamekwisha," alisema Casilda.

Ikabidi Eulogio aeleze, na alieleza kwa ukali, kama mtu anayemfundisha mgeni jinsi ya kufunga mlango wa choo. Kila mwaka mfereji hugawanywa ngwe kwa ngwe, naye huzipima kwa fimbo ile. Ukimaliza ngwe yako, jina lako linaingia kwenye zamu za maji. Usipochimba huna zamu, hata ungekuwa padri. Mwaka mmoja padri aliipuuza ngwe yake, na kabichi zake zikakauka mbele ya kanisa, watu wote wakipita na kuzisalimia. Sasa mwaka huu aliyechimba ni serikali, kwa hiyo zamu zote ni za serikali. Yeye Eulogio hana jina hata moja la kuita, na lango la mfereji halifunguliwi kwa ajili ya mtu asiye na jina.

"Lakini nawapa hayo maji," alisema gavana. "Wote. Bure."

"Mwaka huu unatupa kwa sababu una roho nzuri," alijibu Casilda. "Mwakani ataletwa mwingine, roho yake jiwe. Tutamwambia nini, kwamba yule wa kwanza alikuwa mwema? Mimi nimechimba miaka kumi na mmoja, jenerali, tangu mume wangu Teófilo afe. Sijawahi kupewa maji na mtu."

Gavana alirudi mjini na hasira. Alimwambia Amadeo njia nzima kwamba watu wale ni wagumu kama nyumbu. Amadeo aliitikia kwa adabu, maana naye alikuwa ameanza kuona aibu.

Hasira hiyo ilidumu mpaka Jumatatu, alipoingia ofisini Wendell Pruitt, mfugaji aliyehamia nchini na ng'ombe elfu mbili. Pruitt alikuwa mtu wa tabasamu nyingi. Alitandika karatasi juu ya meza. Ilisema kwamba mfereji wa San Lorenzo umechimbwa na wanajeshi wa serikali kwa mabeleshi ya serikali, kwa hiyo ni mali ya serikali, na serikali inaweza kumkabidhi maji yake yeyote inayemwona anafaa. Aliyefaa, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa Pruitt. Mwanasheria wake alikuwa ameisoma mara mbili bila kuona kasoro.

"Miaka miwili nimetafuta ufa wa kuingilia pale," alisema, "wewe umenifungulia mlango mzima. Nakushukuru."

Hatimaye gavana akapata shukrani zake. Alisema hatatia sahihi.

"Usitie. Nitakwenda mahakamani, niwaite wanajeshi wako mmoja mmoja, waapishwe, waulizwe nani alichimba. Utawaambia waseme uongo?"

Pruitt alipotoka, gavana alibaki ameikodolea macho ile karatasi. Ngano ilikwisha kupandwa San Lorenzo. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji yanapita mtoni yakienda zake, na ngano isiyonyweshwa ndani ya wiki mbili isingeota tena. Familia arobaini na tatu. Hakuna jeshi la adui lililowahi kuwafikisha pale. Aliyewafikisha ni yeye na huruma yake. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata alipovuliwa cheo kwa mwezi mmoja mwaka wa pili wa vita.

Alikuwa amewahi kutoa amri mbaya. Kulikuwa na kilima kimoja, hakupenda kukitaja jina, ambako alipeleka vijana mia mbili asubuhi na wakarudi themanini. Amri ile hakuweza kuirudisha, na hakuna siku iliyopita bila kuikumbuka. Lakini hii ya sasa, alijiambia, imeua nini? Bado haijaua kitu. Hii ni tope tu. Akasimama, akamwita Sajini Dolan, aliyekuwa ameongoza wale sitini.

"Mnarudi San Lorenzo," alimwambia. "Mkaurudishe mfereji ulivyokuwa."

Dolan alikohoa. "Turudishe tope, mheshimiwa?"

"Lote."

"Lile lile tulilolitoa?"

"Kama unalo jingine zuri zaidi, lipeleke hilo."

Dolan alimtazama vizuri kuona kama jua limempata. Kisha akapiga saluti, maana jeshini mtu huona makubwa zaidi.

Gavana alitangulia yeye mwenyewe. Mbele ya watu wale wale alimnyamazisha Amadeo, akasema kwa Kihispania chake kibovu kwamba alikosea, kwamba kazi ile ilikuwa yao na aliichukua bila kuomba, na kwamba atairudisha. Mara hii pia hakuna aliyepiga makofi, lakini Eulogio aliinuka kwenye jiwe lake.

Wanajeshi walimwaga tope siku tatu. Eulogio alitembea nyuma yao na fimbo, akionyesha kwa kidole kila mahali palipobaki safi, na Dolan akanung'unika kwamba maisha yake yote hajawahi kukaripiwa kwa usafi. Gazeti la mji mkuu lilimchora gavana akiuzika mfereji kwa bendera na tarumbeta. Washington waliandika kuuliza afya yake, naye akajibu kwamba ni nzima, ila kiwiko. Pruitt alikuja siku ya tatu, akasimama ukingoni muda mrefu, akauliza karatasi yake sasa itakuwaje. Gavana alimwonyesha shimo lililojaa matope na majani yaliyooza, akamwambia kwamba kazi ya serikali ndiyo hiyo hapo, aichukue aipeleke mahakamani kama ilivyo. Pruitt alipanda farasi wake. Safari hii hakutabasamu.

Asubuhi iliyofuata watu wa bonde walishuka na mabeleshi yao, watu mara mbili ya kawaida, maana siku zilikuwa zimebaki chache. Eulogio akaanza kupima. Alipofika mwisho wa mstari alimkuta gavana amesimama na beleshi la mbao alilolinunua mjini.

"Huna shamba," Eulogio alimwambia. "Na serikali imeshachimba vya kutosha."

"Alimwaga tope," Casilda alisema kutoka ngwe ya jirani. "Aliyemwaga atoe. Mpe."

Eulogio alifikiri. Kisha akalinyoshea fimbo lile koti la vifungo vya shaba.

"Litundike kule kwenye mti. Serikali ibaki kule. Humu anaingia mtu."

Gavana akalivua, akaingia.

Ngwe yake ilikuwa sawa na za wengine, wala hakuna aliyeuliza habari za mkono wake. Alijifunza kuegemeza mpini kwenye nyonga na kusukuma kwa goti. Kazi iliendelea siku tano, na siku ya tano mchana wote wakawa wamemaliza isipokuwa yeye. Walipanda ukingoni, wakakaa na maharagwe yao na chapati za mahindi, wakamtazama. Alingoja mmoja ashuke kumsaidia. Hakushuka mtu. Lango kule juu lilikuwa bado limefungwa, kwa sababu halifunguliwi mpaka ngwe ya mwisho iishe, na ngwe ya mwisho ilikuwa yake. Bonde zima lilikuwa likimsubiri.

"Vita vile mlipigana miaka mingapi?" mmoja aliuliza kwa sauti.

"Minne," gavana alijibu bila kuinua kichwa.

"Sasa naelewa kwa nini."

Ukingo mzima ulicheka, na yeye akacheka, jasho likimwingia machoni. Kulikuwa na kitu ndani ya kicheko kile ambacho hotuba zake hazijawahi kumpatia. Wangemsaidia, wangemgeuza mgeni tena. Alilielewa hilo akiwa ameinama, na akafurahi kweli kweli, mgongo ukimuuma.

Alipomaliza, Eulogio alishuka, akakagua, akamrudisha arekebishe hatua mbili ambazo hazikuwa zimenyooka. Ndipo akapiga mluzi kuelekea juu. Baada ya muda maji yakaja, ya rangi ya kahawa, yakisukuma povu na vijiti mbele yake, na watu wakatembea pamoja nayo ukingoni wakiongea kwa sauti za kawaida, kama watu wanaomsindikiza jamaa aliyepona.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya milima, Eulogio aliita zamu, jina baada ya jina, familia arobaini na tatu. Halafu akaongeza jina moja.

"Josiah Brackett. Alhamisi, baada ya Casilda. Nusu saa."

Kila mtu alijua kwamba Josiah Brackett hana hata mche mmoja wa kitunguu. Casilda alimwambia kwamba mtu asiye na shamba huruhusiwa kumwachia mwingine zamu yake, na hapo wapo wengi watakaopokea. Je, anampa nani?

Gavana alifungua mdomo. Kutoa alikuwa amezoea. Akatazama maji yakipita pale chini alipochimba, polepole kidogo kuliko ngwe za wengine.

"Simpi mtu," alisema. "Naitaka."

Casilda alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye buti zilizojaa tope.

"Kuna pembe tupu nyuma ya ukuta wangu," alisema. "Mbegu uje nazo mwenyewe. Na usichelewe Alhamisi, maji hayamsubiri jenerali."