Virusi vya Kupimia Tauni

Asubuhi ya pili mfululizo Elinuru alimkuta Sharifu kwenye benchi la maabara, koti lake limelowa umande. Husna, binti yake wa miaka tisa, alilazwa na homa kali na mtoki uliovimba kinenani. Dawa alishaanzishiwa. Kilichosubiriwa ni jibu: ni tauni, au sivyo.

"Umeamkaje, daktari?"

"Salama, Baba Husna. Mimi mpimaji tu."

Elinuru alikuwa amechoka. Ulikuwa mwaka 2002, na tauni ilikuwa ikija na kuondoka Lushoto tangu yeye akiwa mwanafunzi. Wenzake wawili walishapunguzwa kazini. Kazi ya watu watatu ikabaki mikononi mwake.

"Nyumbani wanasema dada yangu Amina kamloga mtoto," Sharifu alisema. "Wamemfukuza. Kaenda kwa shangazi yetu kule Zirai. Nami sikusema kitu."

Elinuru akamwonyesha kisahani cha kioo kwa mbali. "Hapa nimeotesha bakteria waliotoka kwenye mtoki wa Husna. Jana nikadondoshea virusi. Havimdhuru mtu, vinashambulia bakteria wa tauni. Vikiwaua, pale pa tone patakuwa peupe. Jioni tutaona."

"Vinawauaje, navyo ni vidogo zaidi?"

Miaka mingi hakuna aliyemuuliza swali kama hilo. Elinuru akaketi.

"Kirusi ni kama kopo lenye uzi. Uzi huo ndio maagizo yake yote, na unazidi urefu wa kopo mara mia mbili na zaidi. Haupendi kupindwa, na vipande vyake vinasukumana. Kwa hiyo kuna kijimashine mdomoni kinachousokomeza, mpaka mgandamizo wa ndani unazidi wa tairi la lori."

"Kama robota la katani," Sharifu alisema. Alikuwa amefanya kazi ya kushindilia katani Korogwe miaka kumi na minne, hadi shamba lilipouzwa wakarudishwa makwao. "Siku moja mkanda wa kufungia robota ulikatika. Singa za katani zilifumuka zikamtupa mwenzetu Silvano ukutani."

"Ndivyo. Kirusi kikimshika bakteria, mdomo unafunguka, uzi unasukumwa ndani. Ila kwa hivi vyangu inatangulia ncha tu. Uliobaki bakteria anauvuta mwenyewe, kana kwamba ni wake. Kisha anatengeneza virusi vipya mpaka anapasuka."

"Anauvuta mwenyewe?"

"Mwenyewe."



Jioni pale pa tone palikuwa peupe. Elinuru akaandika: tauni. Sharifu akamwomba aongeze, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ugonjwa huu huletwa na viroboto wa panya, si na uchawi. Akaongeza, akagonga mhuri, mgongo ukimuuma.

Baada ya siku kumi Husna aliruhusiwa kwenda nyumbani. Sharifu aliwasomea karatasi ile mama yake na kaka zake. Walisikiliza. Kaka mmoja akauliza, "Na viroboto nani kawatuma?"

Wiki iliyofuata Sharifu alikwenda Zirai. Amina alimpikia, akauliza hali ya mtoto, akamshukuru Mungu. Kurudi alikataa.

"Siku wananitoa ulikuwepo, kaka," alisema. "Ulikuwa unanitazama."

Sharifu alimsaidia kupasua kuni mpaka alasiri, kisha akashika njia peke yake.